Doa Nililolipaka Piko na Doa Nililolikata

Mchafukoge, Jumamosi alasiri

Zuhura mwanangu,

Nakuandikia ukiwa umekwenda Ilala kumuaga bibi yako, na najua atakuchelewesha, maana yule hawezi kuaga mtu bila kumlisha mara mbili. Hiyo ndiyo nafasi yangu. Nia yangu ni kuiweka barua hii ndani ya begi lako, chini kabisa, katikati ya zile khanga mpya, uikute ukishafika Dodoma na mimi nikiwa siko karibu ukanitazama usoni. Ndiyo, ni woga. Nimeanza na woga ili ujue mapema ni nani anayekuandikia.

Mambo ya kula kwa wakati na kufunga mlango sitayaandika. Unayajua, na mengine umenifundisha wewe. Naandika kwa sababu ya fomu.

Juzi Alhamisi ulikuwa unajaza fomu ya afya ya chuo hapa mezani, ukaniomba nikutafutie picha ya pasipoti. Nikaja nayo, nikasoma juu ya bega lako. Pale wanapouliza kama umewahi kuugua ugonjwa mkubwa, umeandika kwa ule mwandiko wako mzuri: “Saratani ya ngozi, nikiwa na miaka kumi na miwili. Nilipona.” Ukageuka ukaniangalia. “Nimeweka na nilipona, Mama, wasije wakaniogopa.” Nikakupa picha, nikaenda jikoni, nikafungua bomba nipate sababu ya kusimama pale.

Zuhura, hujawahi kuugua saratani. Wala ya ngozi, wala nyingine yoyote. Lile doa nililokupeleka likakatwe begani halikuwa na ubaya wowote, na mimi nimelijua hilo kwa miaka saba.

Sasa unaweza kuikunja barua hii ukaitupa, na sitakulaumu. Lakini kama una subira nami, nianze na Mama Mkubwa Saada, kwa sababu wewe umeambiwa kuwa alikufa kwa saratani iliyoanza na kidonda cha mguu, na hilo ni nusu tu. Nusu nyingine nimeificha kwa sababu nimo ndani yake.

Unamkumbuka dada yangu akikaanga samaki pale Feri. Unakumbuka sauti yake, maana ilikuwa inafika kabla yake. Miguu yake hutaikumbuka, na mimi ndiye ninayeikumbuka, kwa kuwa kazi yangu ni miguu ya watu. Alisimama kutwa nzima kwenye sakafu ya maji na magamba, na ndala zilizokatika kisigino, mafuta yakimrukia. Alipoposwa mara ya pili, na umri wake ule wa miaka arobaini na mitatu, alikuja hapa nyumbani akiwa amejawa na haya kama msichana. Akaniambia, “Mdogo wangu, nitengeneze. Nataka hata nyayo zangu zionekane za mtu.”

Wakati ule nilikuwa na jina. Kuanzia huku kwetu mpaka Gerezani, mwenye harusi aliyetaka piko la maana alipanda ngazi za ghorofa hili. Hata maharusi wa Kihindi walikuwa wanaletwa kwangu na Bi Nirmala, yule mwenye duka la dawa hapa chini. Nilijiona. Wacha niseme hivyo hivyo.

Siku ya tatu ya kumsinga, nilipokuwa namsugua kisigino kwa lile jiwe langu la kusugulia miguu, nikaliona. Lilikuwa na ukubwa wa punje ya mbaazi, upande mmoja jeusi tititi, upande wa pili kahawia, na kingo zake zilichuruzika ovyo mithili ya wino uliodondokea karatasi yenye unyevu. Nikasugua. Nikasugua tena kwa nguvu mpaka akavuta mguu.

“Hiki nini, dada?”

“Si mafuta hayo. Yaliniunguza siku nyingi. Wewe paka tu.”

“Haliendi.”

“Basi lifiche. Utaniketisha mkekani miguu nje, mashoga zangu wote wananitazama nyayo, halafu waone uchafu? Watasema Saada ameolewa na magamba yake.”

Tukacheka. Nikachukua piko nikachora ua kwenye kisigino chake, na lile doa nikalifanya katikati ya ua. Lilikaa vizuri sana. Siku ya harusi wanawake waliinama kuliangalia, mmoja akasema hajawahi kuona ua la namna hiyo mahali popote, na mimi nikapokea sifa zile zote. Nilikuwa nimesimama pale nimeshika kiuno. Nikikumbuka nilivyosimama natamani kujipiga.

Baada ya hapo likawa jambo letu. Kila Idi, kila harusi ya jamaa, Saada anakuja, anakaa kwenye kigoda, ananipa kisigino. Na kila mara ilinibidi nichore petali kubwa kidogo kuliko za mara iliyopita, ili doa lisitokeze nje. Sikia hapo, mwanangu. Mkono wangu ndio uliokuwa unalipima lilivyokuwa linakua. Hakuna mtu mwingine Dar es Salaam nzima aliyekuwa na ushahidi nilio nao mimi, na nilichofanya ni kuongeza piko.

Lilipochimbika likawa linatoa majimaji na damu, tuliliita kidonda. Saada alishuka kwa Bi Nirmala kununua spiriti na bendeji, nami nikiwa naye. Bi Nirmala akamwambia akae, akavaa miwani, akaangalia bila kugusa. Akasema, “Dada Saada, mimi hii sikuuzii dawa. Hiki kidonda kina weusi unaotambaa pembeni. Nenda hospitali, kesho, usingoje keshokutwa.”

Unajua nilimjibu nini yule mama, ambaye alikupakata wewe ukiwa na siku saba? Nilimwambia, “Bi Nirmala, wewe uza dawa, ukaguzi tuachie wenyewe.” Tukaenda kununua bendeji duka lingine, kule Kariakoo sokoni. Njiani Saada akaniuliza kama inaweza kuwa saratani ya ngozi, nami nikamwambia, kwa uhakika wa mtu asiyejua kitu, kwamba saratani ya ngozi ni ugonjwa wa ndugu zetu wenye ualbino, jua linawaumiza, siyo sisi weusi. Akaniamini. Mimi ni mdogo wake, fundi wa ngozi za watu, asiniamini kwa nini?

Alipokubali kwenda, tezi za kinena zilikuwa zimeshavimba. Daktari aliyempokea, mwanamke mdogo kwangu kwa umri, alitueleza kwamba inaitwa melanoma, kwamba kwa watu weusi hupenda kujificha kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha, mahali ambapo jua halina habari napo. Nikamuuliza kama ni lile jiwe, kama ni piko langu. Akasema hapana, havikuleta. Kisha akaongeza, “Ila vimeficha.” Sikumchukia kwa kusema hivyo. Niliyemchukia ni mimi, na bado sijamaliza.

Nilikuwa miongoni mwa waliomwosha. Mguu mmoja ulikuwa na bendeji. Wa pili ulikuwa bado na piko langu la Idi, limefifia, na halikutoka kwa maji yale.

Ndipo nikageuka kichaa, mwanangu, na hapo ndipo unapoingia wewe. Baada ya arobaini nilianza kuwakagua watu. Mteja ananipa mkono nimpake hina, mimi naangalia kama ana baka. Nilimfuata bibi yako Ilala nikamshika kidevu kwenye mwanga wa dirisha, nikahesabu vile vidoti vyeusi vilivyojaa mashavuni mwake, vile vile alivyokuwa navyo mama yake, na kwa wiki nzima nikamsumbua akavitoe. Akaniambia, “Niache na uso wangu, huu nimezeeka nao.” Niliona mstari mweusi kwenye kucha yangu ya dole gumba, nikakaa siku tatu siwezi kula. Kumbe ulikuwepo na kwenye vidole vingine vitatu, na bibi yako anao, na nusu ya wanawake wa mtaa huu wanao.

Na wewe ulikuwa na lile doa lako. Chini kidogo ya bega la kushoto, jeusi lenye ubuluu kwa mbali, duara, laini, dogo kuliko kifungo cha shati. Ulikuwa nalo tangu una miaka minne. Baba yako alizoea kulibonyeza akisema ni kengele ya mlangoni, nawe unapiga kelele “Nani?”

Nilikupeleka kwa daktari yule yule. Alikutazama kwa kidude chake chenye kioo na taa, akauliza limeanza lini, limewahi kubadilika, linawasha, linatoa damu. Nikajibu hapana kwa kila swali. Akasema, “Mama, hili naona ni doa tu, na linafanana na mengi ninayoyaona. Tulipige picha, tulipime, mrudi baada ya miezi mitatu. Likibadilika hata kidogo, nitalitoa mwenyewe.” Alikuwa ameongea vizuri na taratibu. Mimi nilichosikia ni kungoja, basi. Saada aliuawa na kungoja. Nikamwambia, “Mimi nilishangoja mara moja, daktari,” nikakushika mkono tukatoka.

Kulikuwa na mtu kwenye zahanati fulani ya mtaani, simtaji, aliyesifika kwa kutoa sunzua na vinyama. Nilikwambia tunakwenda kuchanjwa. Ulivaa gauni la njano. Ulipoona kisu uliniangalia mimi, hukumwangalia yeye, ukasema, “Mama, hii siyo chanjo.” Nikakubana mkono nikakwambia tulia. Alikata kipande kikubwa kuliko inavyohitajika, akakushona kama mtu anayeshona gunia. Nyama akaitia kwenye kichupa na kuituma maabara, hilo tu ndilo la maana alilolifanya.

Kidonda kilipona, kisha kikakataa kuacha kupona. Kovu likavimba, likapanda, likawa nene na gumu kama tende, linakuwasha usiku hadi unalia. Madaktari huliita keloidi. Yule daktari angejua kuwa bega ni mahali pabaya kwa hilo. Angenieleza, kama ningekaa kwenye kiti dakika tano zaidi.

Majibu yalitoka siku ya Jumanne. Nilisomewa: doa la kawaida la rangi, si saratani, limetoka lote. Nilitoka nje nikamshukuru Mungu, na shukrani ile ilikuwa ya kweli. Nikatia karatasi kwenye pochi. Nilikuwa nakuja kuwaambia.

Nilimkuta baba yako amefunga duka mapema. Alikuwa amekushikilia shati huku unajikuna, kovu limekuwa jekundu, na sijawahi kumwona na uso ule tangu nimjue. Akasema, “Mama Zuhura, umemkata mtoto kwa ajili ya nini? Daktari alisema mngoje. Umemkata kwa ajili ya nini?”

Nami nikasema, “Ilikuwa ile ile ya Saada.”

Sikuwa nimepanga. Ilitoka yenyewe, ikakaa katikati ya chumba. Baba yako akaketi chini pale pale, akalia, akaniomba radhi. Akasema nimemwokoa mwanawe. Wewe uliacha kujikuna ukaniangalia kwa macho makubwa, ukaja ukanikumbatia. Karatasi ilikuwa kwenye pochi, pochi ilikuwa begani kwangu, wewe umeilalia.

Nilijiambia nitasema kesho. Kisha nikajiambia nitasema kovu likinywea, halikunywea. Baadaye nikaona uwongo ule unanilea: mama aliyechelewa kwa dada yake lakini akawahi kwa mwanawe. Watu walinisifu tena, kama siku ile ya ua. Na nilipokea tena.

Ungeniuliza mwaka jana ningekwambia uwongo ule haujamdhuru mtu. Wewe ulikuwa unasoma, unacheka, unavaa nguo za shingo ndefu, nikasema ni stara. Kisha Bi Nirmala akapanda hapa siku moja, magoti yake unayajua, ngazi zote zile. Akakaa, akasema, “Mama Zuhura, nimeongea na binti yako. Kuna kijana anamtaka kwa heri, na yeye anamtaka. Lakini anakataa. Anasema hawezi kumwahidi mtu maisha ambayo hana uhakika nayo, eti ugonjwa unaweza kumrudia. Mpeleke kwa daktari aongee naye. Mtoto anaishi kama anasubiri kuitwa.”

Miaka kumi na minane ulikuwa nayo, na ulikuwa umeshajihesabia siku. Nilimwambia Bi Nirmala nitakupeleka. Sikukupeleka. Mara mbili mwanamke huyu amekuja na jambo la kweli na mara mbili nimemjibu kwa ulimi.

Nilichofanya ni kwenda mwenyewe, na karatasi yangu, kwa yule daktari. Aliisoma. Nikangoja anitukane, na ingekuwa nafuu. Aliuliza tu, “Binti anajua?” Nikatikisa kichwa. Akanieleza mambo mengi siku ile kwa uvumilivu, na nakuandikia yaliyonibakia, siyo kwa kuwa mimi ni mwalimu, ila kwa kuwa mwili ni wako na umekuwa ukiuogopa kwa sababu yangu.

Alisema vidoti vya bibi ni vya ukoo wetu na havina neno, na huenda ukavipata, usiviguse. Ile mistari ya kwenye kucha, ikiwa kwenye kucha nyingi na imetulia, kwa watu wa rangi yetu ni kawaida. Ila ikiwa ni kucha moja tu, mstari ukaanza kupanuka au weusi ukamwagikia kwenye ngozi iliyo pembeni, hapo usikae nyumbani. Ukijigonga damu ikavilia chini ya kucha, weusi huo utasogea mbele kadiri kucha inavyoota. Usiposogea, nenda. Kuna na vile vitu vya wazee, vya kahawia, vinakaa juu ya ngozi kama nta iliyobandikwa, vinatisha kwa sura na havina kosa. Nilimuuliza basi mtu atajuaje, maana hata la Saada nililiona ni doa na lako nililiona ni kifo. Akasema, “Angalia lile linalobadilika, na lile lisilofanana na wenzake. Kisha usiamue wewe. Njoo tuangalie.” Akaniambia hata wao hukosea kwa macho, ndiyo maana wana kile kioo, na ndiyo maana wakishuku hukata kidogo wakapime. Mimi sikuwa na kioo. Nilikuwa na kiburi, halafu nikawa na hofu, na kote kuwili niliamua peke yangu.

Kuhusu kovu, kuna sindano za kulifanya linywee, taratibu, kwa miezi. Akasema mtu yeyote asije akakuambia alikate tu, litarudi kubwa zaidi.

Leo asubuhi uliniomba nikupake piko la safari. Nikakupaka mikono na juu ya miguu, ukanyanyua unyayo ukasema, “Na huku, Mama.” Nikakataa. Ukaniuliza, “Mbona maharusi wa watu unawapaka hadi chini na mimi unaninyima?” Siwapaki, Zuhura. Tangu Saada afe sijagusa unyayo wa mtu kwa piko, wateja nimewapoteza kwa hilo, na huwa nasema mgongo unauma siwezi kuinama. Unyayo wako nimeuacha wazi ili uuone. Ukioga, uutazame.

Karatasi ya majibu nimeitoa kwenye kopo la hina, nilikokuwa nimeificha kwa kuwa hupendi harufu yake hulifungui. Imechafuka pembeni lakini maandishi yanasomeka. Ipeleke kwa daktari yeyote, kwa sababu neno langu sasa hivi halitoshi, na wewe una haki ya kutoliamini. Ukitaka kumpigia simu yule kijana, mpigie. Ukitaka kukaa miezi bila kunipigia mimi, nitakuwa naangalia simu, lakini sitakuuliza sababu. Baba yako bado hajui. Nimemwambia asiende msikitini Magharibi kabla hajapita nyumbani, kuna neno.

Nilisema nitaiweka barua begini. Nimeisoma tangu mwanzo na nimeona haya. Nilikuficha kwa maneno uliponitazama siku ile ya kisu, sitakuficha tena kwa begi. Ukirudi nitakupa mkononi, nami nitakaa kwenye kigoda changu mpaka umalize.

Fomu iko hapa mezani pia. Nilichukua kalamu nikataka kulifuta lile neno mwenyewe, nusu nimeshainama. Nimeirudisha. Mwili ule ni wako na jina pale juu ni lako, na nimeshakufanyia mengi bila kukuuliza. Kalamu hiyo hapo.

Mama yako